Bahari ya Mwasiti, Mtaa wa Nyasubi

Siku Nassibu alipovunja ukuta wa sebule yake mwenyewe, Agnetha wa dukani alifunga duka akaja kuangalia. Si kwa ubaya. Nyumba ya jirani ikipigwa nyundo kutoka ndani, nani atabaki dukani anapima sukari? Alisimama mlangoni, kanga begani, akamwangalia yule baba aliyejaa vumbi la saruji mpaka kwenye kope.

"Baba Amira, kulikoni? Umegombana na nyumba?"

"Natafuta nafasi ya bahari, jirani."

"Ya nini?"

"Bahari. Ya chumvi kabisa, na samaki wake, na matumbawe yake. Itakaa hapa, kuanzia dirisha hili mpaka mlango wa chumba cha wageni. Ya vioo."

Agnetha alicheka mpaka akashikilia kizingiti. Kahama hii, mji wa mpunga na ng'ombe na vumbi jekundu, ambako hata dagaa wanafika wakiwa wamekauka! Kabla ya magharibi Nyasubi nzima ilikuwa imeshapata habari kwamba Nassibu wa karasha dhahabu imempanda kichwani. Waache waseme. Wote waliocheka hawakuwa wamemwona Mwasiti akishika kikombe.

Maana mkewe, Mwasiti, alianzia kwenye kikombe. Alikuwa akimletea mumewe chai, kikombe kikaanza kugonga kisahani, ta-ta-ta, na wote wawili wakaona ni kichekesho. Mwaka uliofuata hakukuwa na wa kucheka. Mikono ilikuwa inatetemeka hata ikiwa mitupu mapajani. Fizi zikawa zinatoka damu, usingizi ukamkimbia, leo anatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, kesho hatii kabisa. Mwanamke ambaye majirani walikuwa hawaijui sauti yake, siku moja alirusha sahani ukutani kwa sababu ya nzi. Kisha akakaa chini akalia. "Baba Amira," akasema, "huyu si mimi. Nani huyu ameniingia?"

Walizunguka, jamani, walizunguka. Hospitali za Kahama, hospitali kubwa ya Mwanza, vipimo vya damu, vya mkojo, picha ya kichwa. Sukari hana, presha hana, malaria hana. Mmoja akasema ni neva, mwingine akasema ni mawazo. Kila daktari alimuuliza anafanya kazi gani, na kila mara Mwasiti alijibu kwa adabu, "Mama wa nyumbani," daktari akaandika hivyo hivyo akageuza karatasi. Shehe alimwandikia kombe, akanywa. Mganga wa Kharumwa alisema anasumbuliwa na mke mwenza aliyekufa, na Mwasiti hajawahi kuwa na mke mwenza, si aliyekufa wala aliye hai. Siku hiyo walirudi kwenye gari, Mwasiti akasema taratibu, "Angalau angenitafutia mke mwenza wa kwangu," na ndiyo mara ya mwisho kwa muda mrefu Nassibu alimsikia akitania.

Nassibu akawa anaogopa. Tuseme ukweli, mwanamume yule aliyeingia mashimoni tangu hajaota ndevu, aliyewahi kutolewa kwenye shimo la duara lililoporomoka akiwa anatema udongo, sasa alikuwa anaogopa kufungua mlango wa nyumba yake asije akakuta mke hamjui. Baada ya swala ya alfajiri alikuwa haombi tena dhahabu. Alikuwa anaomba mikono ya Mwasiti itulie.

"Twende kwenu," alimwambia. "Twende Mafia, ukapunge upepo wa bahari. Utapona."

Mwasiti alikaza macho kwenye mikono yake. "Siendi. Nimetoka kwetu Utende nikiwa mzima, ngozi inang'aa, nyumba nzima inaniimbia. Nirudi hivi? Waniulize nimefanywa nini huko bara, nitawajibu nini?"

"Basi huitaki bahari?"

"Naitaka mpaka naisikia masikioni. Lakini siendi."

Hapo ndipo Nassibu alipopata wazo lake. Kama Mwasiti haendi baharini, bahari itakuja Nyasubi.

Tumweleze kidogo huyu Nassibu, ili asionekane mwendawazimu. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Tabora, mama yake Msumbwa wa hapo hapo Kahama. Shule ilimshinda, machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu yakampokea. Alichimba, akaosha mchanga kwa karai, akalala njaa, akapata, akatapanya, akapata tena, na safari hii alikuwa na akili: akanunua karasha. Karasha ni ngoma ya chuma yenye gololi nzito ndani, injini inaizungusha. Unaingiza mawe, unatoa unga. Wachimbaji wanaleta viroba vyao vya mawe, wanasagiwa, wanalipa, wanaondoka na unga wao kwenda kuuosha.

Lakini riziki ya mwenye karasha haiko kwenye malipo ya kusaga, iko ndani ya ngoma. Mteja agonge mabati mpaka mkono uingie ganzi, aingize brashi, amwage maji, kuna kitu kitabaki tu: kwenye maungio, nyuma ya mabamba, kwenye vichwa vya nati. Na wako wanaomimina zebaki humo humo ili iikamate dhahabu mapema, nayo inabaki. Mara kwa mara Nassibu husimamisha kazi, hufungua mabamba, hukwangua. Yale mabaki ndiyo yaliyojenga nyumba ya Nyasubi na ndiyo yaliyompeleka binti yao, Amira, chuoni Dodoma. Kwenye vijiwe vya kahawa Nassibu alikuwa anajisifu waziwazi: "Iosheni mnavyoweza. Ngoma ya karasha haitakati, na mimi ndipo ninapokula."

Mabaki hayo yakioshwa na kukamuliwa kwenye kitambaa yanatoa kidonge cheupe cha fedha-fedha, dhahabu imejificha ndani ya zebaki. Lazima kichomwe juu ya makaa mpaka weupe uondoke ubaki umanjano. Nyarugusu macho ni mengi na mikono ni mirefu, kwa hiyo Nassibu hakuwahi kuchoma kule. Alivifunga vidonge kwenye leso, akavileta nyumbani, na aliyevichoma alikuwa mtu mmoja tu duniani aliyemwamini. Mwasiti alikuwa anawasha jiko lake la mkaa, anafunga mlango na dirisha la jikoni majirani wasione, anaweka kidonge kwenye kifuniko cha kopo, anakaa kwenye kibao akikiangalia kinavyobadilika. Moshi wake hauonekani sana wala haunuki. Alifanya hivyo miaka yote ya ndoa yao, na alikuwa anajivunia. "Mume wangu dhahabu yake inapita mkononi kwangu," aliwaambia mawifi. Kweli, watu wa semina waliwahi kuja mwaloni Nyarugusu, pale wanapooshea dhahabu, wakabandika picha za zebaki na fuvu la kichwa, wakagawa fulana. Nassibu aliichukua fulana akawa analalia. Zebaki ameishika kwa vidole tangu ujana wake, mbona yeye mzima?

Haya, turudi kwenye bahari.

Nassibu alimpigia simu Nuruddin, mtoto wa kaka yake Mwasiti, mtu mzima mwenye watoto wake, aliyetunza tangi za samaki kwenye hoteli za Unguja mpaka akawa mtaalamu. Nuruddin alishuka kwenye basi Kahama akiwa na begi la vipimo, akafika nyumbani, akasema, "Shikamoo mjomba," akaitikiwa, akaingia kumsalimia shangazi yake. Alitoka humo uso umembadilika. Akasimama mbele ya ukuta uliovunjwa, akapima kwa macho.

"Mjomba, hili ni kubwa. Hata hotelini hatukuwa na kubwa hivi. Na matumbawe si samaki wa maji baridi. Joto likipanda kidogo yanakufa. Umeme ukikatika yanakufa. Chumvi ikizidi yanakufa."

"Kwani hapa nani hafi?" Nassibu alisema. "Chora."

Basi wakaanza. Kwa kuwa maji yana uzito, Nassibu alimwaga msingi wa zege na nondo kama ule wa kukalishia karasha, mpaka mafundi wakauliza kama anataka kusagia mawe sebuleni. Vioo vilikatwa na Edson, fundi wa vioo na aluminiamu aliyetengeneza madirisha na makabati ya maduka nusu ya mji, ila hajawahi kutengeneza kitu cha kushika maji. Edson aligundisha kwa silikoni, akapiga mkanda wa aluminiamu juu na chini, akasubiri ikauke, akajaza maji ya bomba kwa majaribio. Wakati wa adhuhuri kona moja ikaachia. Maji yakatoka kwa nguvu moja, yakabeba viatu, yakapanda makochi, na Edson akakaa chini katikati ya mafuriko akaweka kiganja kwenye ufa, anazuia kwa mkono, anasema, "Bosi nisamehe, bosi nisamehe." Nassibu hakumfokea. Alikuwa amegeuka kumwangalia Mwasiti, maana Mwasiti kwenye kiti chake alikuwa amenyanyua miguu, maji yanapita chini yake, na alikuwa anatabasamu. Hilo tu lilitosha. Edson alianza upya kwa vioo vinene zaidi, na mara ya pili tangi halikutoa hata jasho.

Chumvi ya bahari ilikuja kwa ndoo kwenye basi la Dar. Maji yalisafishwa kwa mtambo kama wa wauza maji ya chupa mpaka yakabaki maji matupu, kisha yakachanganywa na ile chumvi. Pampu, taa za buluu, mashine ya kupooza maji, betri za sola juu ya bati na jenereta uani, vyote vilipandishwa, vikafungwa. Madirisha ya sebule yalizibwa kwa mpira vumbi lisipenye. Agnetha aliyekuwa anacheka akawa sasa analeta uji wa mgonjwa na kuuliza, "Bado samaki?"

Kazi yote hiyo Mwasiti aliangalia tu. Alikuwa anaombwa achague rangi, anasema zozote. Anaombwa aseme samaki gani, anasema wa Mungu. Jambo moja tu alisema, siku Nuruddin alipofungua viroba vya mchanga wa matumbawe uliochimbwa pwani, mweupe kama chokaa lakini wenye kokoto kubwa kubwa.

"Huu siutaki," Mwasiti alisema. Alikuwa ameinama, mkono wake unarukaruka juu ya kiroba. "Utende mchanga ni laini. Ukiushika unakutoka katikati ya vidole. Nitie mkono humo nishike kokoto? Basi si bahari."

"Upo laini, shangazi," Nuruddin alisema. "Nitauagiza. Ila utachukua miezi mpaka ufike."

Miezi! Nassibu alimwangalia mkewe alivyokonda, mifupa ya mabega imechomoza kwenye dera. Miezi gani? Nuruddin aliporudi pwani kwenda kuchukua samaki na matumbawe yaliyooteshwa kwenye vitalu, na kibali chake, Nassibu alipakia vile viroba kwenye gari akaelekea Nyarugusu.

Msimamizi wa karasha, Donatus, Msukuma mpole wa maneno machache, alitumbukiza mkono kwenye kiroba, akanusa, akaonja kwa ulimi kama anavyoonja kila jiwe.

"Bosi, haya mawe gani? Hayana kitu haya."

"Ya mama yako mdogo. Yasage yawe laini kama unga wa sembe. Lakini osha ngoma kwanza."

"Ngoma hii?" Donatus alishangaa. "Tuioshe na nini, baba? Hii si unaijua mwenyewe."

"Osha na sabuni ya unga. Osha na majivu. Zungusha na maji matupu asubuhi nzima, halafu saga."

Donatus aliosha. Kazi yoyote Nyarugusu inamalizwa na karasha, kuna kingine? Mtu ana jiwe gumu, anataka laini, anapeleka kwenye ngoma. Hata chokaa ya kupaka nyumba, hata mifupa ya chakula cha kuku wa mayai imewahi kusagwa mle. Nassibu alikaa kwenye ndoo akasikiliza gololi zinavyonguruma, na kwa mara ya kwanza tangu anunue ile mashine aliona inamfanyia kitu cha maana. Ulipotoka, mchanga ulikuwa mweupe, mlaini, unateleza. Aliushika ukamtoka katikati ya vidole. Alilia, mtu mzima yule, mbele ya Donatus, na Donatus akajifanya anafunga nati.

"Wabeja, bosi, tushukuru," Donatus alisema. "Mama atapona."

Nuruddin aliporudi na mifuko yake ya hewa na maboksi yake, alikuta mchanga umeshalala ndani ya tangi, maji safi juu yake. Akapiga mluzi. "Mjomba, huu umeupata wapi upesi hivi?"

"Mambo ya Nyarugusu hayo. Wewe tia samaki."

Na Nuruddin, naye alikuwa amechoka na safari ya siku mbili, hakuuliza tena.

Lo, bahari ile! Agnetha alileta watoto wake wote. Taa za buluu zilipowaka, matumbawe yakafunguka, ya zambarau, ya kijani, mengine yana vidole vinavyocheza na mkondo wa pampu. Konokono walipanda vioo. Samaki mmoja wa manjano, kangaja, alikuwa anazunguka kama mwenye nyumba, na kitatange wawili wenye mistari wakawa hawaachani. Edson alikuja na mkewe amwonyeshe kona ambazo hazivuji. Lakini Nassibu hakuwa anaangalia samaki. Alikuwa anamwangalia Mwasiti, aliyevuta kiti mpaka goti likagusa kioo.

"Yule kitatange," alisema, "bibi yangu alikuwa anatukataza tusimle. Anasema ni mzuri mno, utameza uzuri wa mtu." Akacheka. Akakunja mkono wa dera, akapanda kwenye kistuli Nassibu akimshika kiuno, akaingiza mkono mpaka kwapani, akaushika mchanga. Akakaa hivyo muda mrefu. "Huu ndio," akasema. "Baba Amira, huu ndio wenyewe." Na ndani ya maji, kwa sababu ya maji yenyewe kucheza, mkono ulionekana kama umetulia.

Kila siku akawa anafanya hivyo. Alilala usingizi, kidogo. Akamtambua Amira kwenye simu bila kukumbushwa. Nassibu alithubutu kumwambia Agnetha, "Anarudi. Mke wangu anarudi."

Asingesema.

Konokono ndio walioanza. Walishindwa kushika kioo, wakadondoka juu ya ule mchanga laini wakabaki chali. Halafu matumbawe yakajifunga, kama watu waliosikia habari mbaya, yakatoa ute, yakabadilika, nyama ikaanza kubanduka ikiacha mfupa mweupe. Nuruddin alipima chumvi, ikawa sawa. Akapima joto, sawa. Akapima uchafu, akabadilisha maji nusu, akabadilisha tena, akaongeza mkaa wa kuchujia. Hakula, hakunyoa. Kitatange mmoja akawa anaogelea upande upande, anajigonga kwenye kioo. Mwenzake akawa anatetemeka mahali pamoja, mapezi yanatikisika bila kwenda popote. Mwasiti alimwangalia yule samaki asubuhi nzima.

"Ana ugonjwa wangu," alisema.

"Usiseme hivyo, Mama Amira."

"Mwangalie. Ana ugonjwa wangu huyo."

Kufika Ijumaa hakikubaki kitu kinachotembea. Bahari ilisimama pale sebuleni imetulia, safi kwa macho, imejaa maiti, na taa zake za buluu zinawaka bure. Mwasiti aligeuza kiti kikatazama ukuta. Hakulia. Alipoulizwa kama atakula alimwita mumewe kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekufa zamani.

Nassibu alizima pampu moja baada ya nyingine. Sasa amletee nini tena? Mtu akishaleta bahari ikafa, anakwenda kuleta nini?

Walitoa maji kwa mpira mpaka uani, wakachota mchanga kwenye ndoo. Ilikuwa baada ya swala ya Ijumaa, jua linachoma. Nuruddin alichukua konzi ya mchanga akaugeuza geuza.

"Mjomba, kila kitu nimepima. Kimebaki hiki. Huu ni ule wa kokoto, naona umesagwa. Wewe uliusaga na nini?"

"Na karasha."

"Karasha ndiyo nini?" Nuruddin ni mtu wa pwani, ataijulia wapi?

"Si ile ngoma ya chuma. Unatia mawe..." Nassibu alianza kueleza, na jinsi alivyokuwa anaeleza, ngoma, gololi, mabamba, maungio, kile kinachobaki, sauti yake ikawa inapungua. Akaacha sentensi katikati. Akaenda stoo, akarudi na karai lake la zamani, lile la ujana wake, lililochubuka ukingo.

Akatia mchanga. Akatia maji ya bomba. Akachuchumaa, akaanza kuzungusha kama alivyozungusha maisha yake yote, akimwaga weupe kidogo kidogo kwa ukingo, anazungusha, anamwaga. Mikono yake haikuhitaji kufikiri. Mchanga laini wa Mwasiti uliondoka wote, ukabaki weusi kidogo wa chuma chini, na kwenye mkunjo wa karai, jua likauwasha, mstari mwembamba unaometa, mweupe, unateleza huku na huku na kujiunga wenyewe. Ndani yake, punje ndogo za njano.

"Kitu gani hicho kinachong'aa?" Nuruddin aliuliza.

"Zebaki."

"Hiyo ndiyo iliyowaua."

Nassibu aliitikia kwa kichwa. Aliwaza samaki. Aliwaza matumbawe na ile safari ya Nyarugusu na machozi yake ya kijinga mbele ya Donatus. Ngoma haitakati: si maneno yake mwenyewe? Si ndiyo majigambo yake ya kila kijiweni? Alijiona mpumbavu, na alidhani hapo ndipo mwisho wa upumbavu wake.

Mlango wa uani ukafunguka. Mwasiti alisimama ameshika mwimo, dera limemwelea, nywele hazijafungwa. Alikuwa amesahau bahari. Ilionekana usoni kabisa kwamba hakumbuki tangi wala samaki. Alichokiona ni mume amechuchumaa na karai, na ule mstari mweupe unameta juani, kama siku nyingine zote za maisha yao. Uso ukamchangamka.

"Umepata, Baba Amira?" alisema. "Lete basi. Nikuwashie jiko?"

Nassibu aliangalia mikono iliyoshika mwimo. Ilikuwa inatetemeka mpaka mlango unagongagonga. Aliangalia nyuma ya mkewe, dirisha dogo la jikoni, lile alilomwambia yeye mwenyewe alifunge vizuri, na kibao chake cha kukalia karibu na makaa, na miaka yote ile. Yule samaki aliyetetemeka mahali pamoja. Ana ugonjwa wangu huyo. Mola wangu, ni mimi, alisema moyoni, ni mimi niliyemletea, kwenye leso, kwa mkono wangu, kwa kuwa sikumwamini mtu mwingine.

Alitaka kupiga kelele, acha, usiwashe, toka humo jikoni usirudi tena. Badala ya neno, karai lilimponyoka, zebaki ikatawanyika vitone vitone kwenye udongo mwekundu, na Nuruddin akabaki anamwangalia bila kuelewa.

Mwasiti alikuwa ameshaingia. Walisikia dirisha la jikoni likifungwa. Walisikia kiberiti kikichezacheza mkononi mwake kabla hata hakijafunguliwa, kisha njiti ikikwaruza, ikivunjika, na nyingine ikikwaruza, ikivunjika.

"Nisubiri, Baba Amira," aliita kutoka ndani. "Naja sasa hivi."